Kondoo Halazwi Peke Yake

Ndugu, jamaa na majirani mliochoka pamoja nasi wiki hii, mimi ni mdogo wake marehemu, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Kondoo, naye akaitika bila kinyongo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957, akiwa mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari ya bweni, na mwaka 1982 akahitimu udaktari wa mifugo, baba akiuliza kwa nini asitibu watu kama wenzake, naye akimjibu kwamba mnyama hadanganyi anapoumwa.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983 na mwalimu wa hesabu, shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, na tarehe 5 Juni 1985 wakajaliwa mtoto wa kiume, ambaye njia yake ya mkojo ilikuwa imeziba tangu tumboni, na kwa kuwa maji anamokaa mtoto tumboni hutokana zaidi na mkojo wake mwenyewe, maji yakawa haba, mapafu hayakukua, akazaliwa asubuhi na jioni hakuiona, tukamzika hapa hapa. Dada alikaa miezi mingi bila kuzungumza, na alipozungumza aliomba uhamisho.

Tangu 1987 hadi alipostaafu mwaka 2017 alifanya kazi katika zizi la utafiti la chuo, nyuma ya maabara, ambako yeye na wenzake walikuwa wakimpasua kondoo mwenye mimba, wakiziba njia ya mkojo ya mwanakondoo aliye tumboni, kisha baada ya muda wakiifungua kwa mrija mwembamba, ili wajue ni wakati gani figo na mapafu bado vinaweza kuokolewa. Kazi hiyo ilimchosha roho, maana kumtia mtoto wa kondoo ugonjwa uliomuua wako si jambo la kuzoeleka, na alirudi nyumbani akinuka zizi na dawa.

Alikuwa na sharti moja, kwamba kondoo halazwi peke yake, aliyepasuliwa awekewe mwenzake kando, amwone na amsikie akitafuna, ila mkuu mmoja mpya aliona wenza hao wanakula bure, akawaondoa, mimba zikaanza kutoka moja baada ya nyingine, lawama zikaangukia mikono ya dada, naye akaziamini, akaacha kushika kisu hadi mkuu huyo alipohamishwa, wenza wakarudi, na mimba zikakaa. Mapafu waliyaokoa mara nyingi, figo mara chache, na alipoulizwa kama ameshinda alisema bado, tatizo ni muda, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Alijaliwa mabinti wawili, mwaka 1988 na 1991, na wajukuu watatu, ambao wakimkojolea mapajani hakuwakemea kamwe, alicheka hadi machozi, akisema waacheni, maji hayo nimeyatafuta miaka thelathini.

Moyo wake ulianza kudhoofika mwaka 2022, na mara ya mwisho alilazwa tarehe 6 Mei 2024, katika wodi inayotoa wageni jioni, na shemeji, mtu wa kutii kengele maisha yake yote, alitii kila siku, lakini Ijumaa aliketi sakafuni kando ya kitanda, na alipoamriwa atoke akamwambia muuguzi kwamba huyu halazwi peke yake, muuguzi naye, aliyechoka kama sisi, akavuta pazia akapita zake. Dada alifariki Jumamosi tarehe 11 Mei, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari, na hasa muuguzi yule, tunawashukuru majirani waliotupikia na kutubebea viti, na wenzake wa zizini, ambao tunawaruhusu waondoke mapema, maana kuna kondoo aliyepasuliwa jana.

Dada, mwanao amelala hapa peke yake tangu 1985, na leo tunakulaza kando yake. Pumzika kwa amani.