Gideon Makaskili wa Kisauni na Jina la Babu Yake, 1948–2025

Mzee Gideon Makaskili alizaliwa Frere Town, Kisauni, tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa tatu wa seremala Samsoni Makaskili na mkewe Lidia. Babu yake, Tomaso, aliletwa Frere Town mwaka 1883 akiwa na umri wa miaka kama minane, baada ya kuokolewa kutoka chombo cha wauza watumwa. Wamishonari walipombatiza walimpa jina la ukoo la Mskochi aliyekuwa akimlipia masomo kutoka huko kwao: MacAskill. Wawili hao hawakuonana kamwe. Jina alilokuja nalo Tomaso halikuandikwa popote, na alipokuwa mtu mzima mwenyewe hakulikumbuka. Ndimi za Kisauni zikalizoea lile la kigeni hadi likawa Makaskili.

Gideon alisoma shule ya msingi papo hapo Frere Town, akamaliza kidato cha nne mwaka 1966. Kila mwalimu mpya alipofika kwenye jina lake aliinua macho kumtafuta mtoto wa Kizungu. Gideon alisimama na kusema, "Naam, mwalimu," na darasa zima likacheka.

Mwaka 1969 aliajiriwa kuli katika bandari ya Kilindini. Mwaka 1974 akawa dereva wa kreni, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2003. Wenzake wanamkumbuka kwa kutopenda kuharakishwa: mtu akimpigia mbinja aongeze mwendo, aliisimamisha kreni kabisa mpaka mbinja ikome.

Tarehe 22 Novemba 1975 alimwoa Kafedha, binti wa Mzee Charo wa Chaani. Mungu akawajalia watoto watatu: Judy, Janice na Griffin.

Mwaka 1984 Judy alirudi kutoka shuleni akilia kwa sababu ya jina hilo. Gideon akaamua kulibadilisha, yeye na wanawe wachukue jina la Mzee Charo. Wakili akaandaa karatasi. Kisha akaenda kumweleza babake, Mzee Samsoni.

"Na mimi nitakuwa baba wa nani?" aliuliza.

Akachukua kofia yake, akaondoka. Kwa miaka miwili hakutia mguu nyumbani kwa mwanawe. Karatasi zikakaa kabatini bila sahihi, maana Gideon hakuwa na moyo wa kuzitia, wala wa kuzichana.

Agosti 1986, meli moja ilipokuwa ikipakuliwa, fundi wake mkuu wa injini, Mskochi wa kisiwa cha Skye, alilisoma jina kwenye kitambulisho kifuani mwa Gideon.

"Hili ni jina la ukoo wa mamangu," alisema. "Umelipata wapi?"

"Babu yangu alipewa. Na nyinyi mlilipata wapi?"

Mskochi alicheka, kisha akamweleza. "Mac" kwa Kigaeli, lugha ya kwao, ni "mwana wa". Lakini Askill si la Kigaeli. Limetokana na Ásketill, jina la Wanorse, mabaharia wa kaskazini waliovamia visiwa vya Uskochi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Walipora, wakachukua mateka, na wengine wakabaki na kuoa huko. Maana ya jina hilo ni chungu cha miungu.

"Basi si lenu," alisema Gideon.

"Lilikuwa la wavamizi. Wazee wetu waliitwa hivyo, wakaitika, mpaka likawa letu."

Siku hiyo alipotoka kazini hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa babake.

"Baba, hata Waskochi waliletewa jina hili."

Mzee Samsoni alimtaka arudie maneno hayo mara mbili, kisha akacheka hadi akashika mbavu. Jumapili iliyofuata alikula wali kwa Kafedha, akampakata Griffin, mjukuu aliyekuwa hajapata kumwona. Karatasi za wakili zilichanwa wiki hiyo hiyo. Jirani yao mwenye duka, Bwana Mahfudh, aliposikia habari hizo alisema, "Kumbe Mac ni bin! Wallahi, wewe ni Gideon bin Askili, na siku zote twakuita Mzungu." Tangu hapo hakumwita vingine ila Bin Askili.

Mwaka 2004 Griffin alipofikia umri wa kuchukua kitambulisho, alitaka kuandikwa Charo. Kafedha aliogopa yasije yakatokea yale ya zamani. Gideon alivaa shati lake la kanisani, akaenda naye, akasimama foleni tangu saa moja asubuhi, akatia sahihi panapotiwa na mzazi.

"Baba, umekasirika?" Griffin alimuuliza walipotoka.

"Nimechoka kusimama. Twende tukanywe chai."

Gideon aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka 2016. Mwaka 2023 figo zilishindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na Griffin ndiye aliyekuwa akimpeleka na kumrudisha. Alifariki nyumbani kwake Kisauni, Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na sita. Griffin alikuwa akimnyoa ndevu. Alimalizia upande uliobaki, akampangusa uso, ndipo akawaita dada zake.

Ameacha mjane, Bi Kafedha. Watoto, Judy Makaskili, Janice Makaskili na Griffin Charo. Na wajukuu saba.

Mungu ampe pumziko la amani.