Draiva Aliyejibu "Tayari"

Benchi letu liko Kilwa Kivinje, ubavuni mwa duka la Kudra, fundi kompyuta tunayemwita Waya. Jana asubuhi kahawa ilitupolea vikombeni. Shamte alikuja kuchukua sauti ya marehemu mama yake, Bi Mwanaidi, aliyerekodiwa siku zake za mwisho akitaja nani kazikwa wapi kule Kinjumbi. Faili lilikuwepo, ila ndani kimya. Hasani, tunayemwita Redio kwa kutofunga mdomo, ndiye aliyeanza.

REDIO: Chumvi hiyo. Upepo wa hapa unakula mpaka bati, sembuse diski.

WAYA: Diski nzima. Umeme ulikatika mara tu nilipomaliza kurekodi.

SHAMTE: Lakini ulinionyesha imeandika "tayari".

WAYA: Iliandika. Programu ilimwamuru draiva, yule wa ndani kabisa kwenye mfumo anayeongea na diski: andika sasa hivi, usiweke kiporo. Draiva wetu wa zamani, amri hiyo haijui. Akajibu tayari, kumbe sauti bado ipo kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ulipoondoka, ikaondoka nao.

REDIO: Basi katumwa huyo. Kuna watu hawataki makaburi yale yajulikane, wapate kuuza mashamba.

SHAMTE: Redio, tafadhali.

REDIO: Au mama mwenyewe kakataa kubaki mashineni. Wazee wale…

SHAMTE: Mama alikuwa anahema kwa shida. Kila jina alilitoa kwa kulazimisha. Usimsingizie.

Redio akainamisha kichwa. Ndipo akafika Sada, mdogo wake Shamte, katokea Rondo. Alitusalimu shikamooni, kaka yake akamweleza. Hakulia.

SADA: Kaka Kudra, programu haikuweza kumuuliza draiva kwanza anajua amri zipi?

WAYA: Draiva wapya wanaulizika. Wanataja wanayoyaweza, wasiloliweza wanakataa wazi. Huyu wetu hana hata pa kuulizia.

SADA: Angekataa, ungefanyaje?

WAYA: Ningemrekodi mama yenu kwa simu pia.

Shamte aliweka kikombe chini, akajifunika uso kwa viganja.

SADA: Na wazee wengine mliowarekodi kwa mashine hiyo?

WAYA: Sauti zao zote, mashine iliandika "tayari".

SADA: Zipo?

Waya alitazama mlango wa duka lake. Hakuna aliyenyanyuka kwenda kuzisikiliza.