Ng'ombe za Malkia Ziko Wapi?

Benchi la Geneviève liko Nyamianda, mjini Uvira, mbele ya mlango wake, na mguu wake mmoja ni tofali. Msimu mzima wa mvua wanaume walilikalia kama kuku wa mayai, wakinywa kawa, kahawa aliyowauzia, na kumsikiliza Modeste, direkteri wa shule aliyestaafu, akiwasimulia kitabu kinene cha Kifaransa cha malkia na joka. Kila jioni kipande. Geneviève hakujali malkia wala joka. Alijali kwamba siku Modeste atakaponyamaza, benchi litabaki na tofali lake tu. Jumamosi moja Pitchou, waliyemwita Satelite kwa kuwa telefone haimtoki mkononi, akaleta habari: kile kitabu kimefanywa filamu ya televisheni, na kionjo chake kimetoka. Vichwa vikabanana juu ya ekrani moja.

— Ng'ombe ziko wapi? akauliza Hatungimana, mfugaji wa Rurambo, jina lake la benchini Maziwa.

— Ng'ombe gani?

— Zile malkia alikimbia nazo mu milima yetu! Na ile nyeupe mbele. Direkteri hakutuambia?

— Acha ng'ombe zako, Maziwa, alisema Bonaventure, mkulima wa Bwegera. Angalia joka! Mbavu inje! Joka ya Direkteri ilimeza mchele yote ya Bwegera, na mifuko yake. Hii iko na njaa. Ni joka ya kuazima.

Geneviève alimimina kawa bila kuinua macho. Kitabu kile Modeste alikuwa akikiacha ndani kwa Geneviève, kisilowe. Naye, siku karatasi ilipomwishia, alifungia karanga kwa kurasa zake, akianzia nyuma ili asimsumbue msomaji. Nusu ya Nyamianda ilikula karanga kutoka mwisho wa kitabu. Modeste alipogundua, alikipima mkononi, akakirudisha juu ya kabati. Kesho yake akasimulia bila kitabu, na malkia akatokea Rurambo na ng'ombe.

— Wameficha kusudi, alisema Pitchou. Wakionyesha Rurambo, dunia itajua malkia ni wa kwetu.

— Minye nasema walipiga filamu chini ya ziwa, alisema Bonaventure. Unazani maji ilipanda mpaka mu manyumba ya bantu bure? Walishusha mashine.

— Mashine ya nini?

— Ya moshi ya joka.

— Moshi chini ya maji?

— Weye ulisoma wapi? Uliza Direkteri!

Wote wakageuka. Modeste alikunywa kutoka kikombe kilichokwisha zamani.

— Filamu inakata, akasema. Ni kawaida yao.

— Inakata Rurambo muzima?

— Hata daraja ya Ruzizi walikata.

Uso wake haukutikisika. Geneviève, ambaye hasifu mtu, karibu amwongezee sukari.

— Satelite, andika pale chini wasome, aliamuru Hatungimana. Andika: sisi ba Uvira tunajua kitabu. Rudisheni ng'ombe.

— Na mchele, akasema Bonaventure.

Pitchou akaandika, akatuma, wakapigana mikono kama walioshinda uchaguzi.

Hapo ndipo alipofika Vanessa, jirani aliyehamia juzi, na kikombe chake mkononi.

— Baba Direkteri, nasikia kitabu weye ulikisoma. Mwisho, malkia anapona ao anakufa?

Hatungimana akamtazama Bonaventure, Bonaventure akamtazama Pitchou. Msimu mzima, na hakuna aliyewahi kuuliza. Wakamtazama Modeste. Modeste akatazama kikapu cha karanga.

Geneviève akasimama.

— Kawa imeisha.

— Mama, terimosi iko nzito! akasema Pitchou. Naona umeishika na mikono mbili!

— Ni uzee. Mwisho ni kesho. Mukuje na vikombe vyenu, na midomo yenu muache kwenu.

Wakatawanyika wakinung'unika juu ya mbavu za joka. Geneviève akaingia ndani, akafunga mlango, akajimiminia kikombe kilichojaa. Kwenye ufa wa ubao alimwona Modeste amebaki peke yake, amefungua kikaratasi cha karanga mapajani, anakigeuzageuza na kusoma huku akitafuna.

Kikaratasi hicho Geneviève alikisokota mwenyewe asubuhi. Haukuwa wa malkia; ulikuwa ukurasa wa hesabu za kugawanya, darasa la nne.

Basi kesho malkia atagawa ng'ombe.