Melkiadi, Mshika Mnyororo wa Kijito cha Kaselenga

Wasikilizaji wapendwa, mji unaokua unapaswa kuuachia mto nafasi kiasi gani? Hatua kumi? Hatua mia? Nimewauliza walimu wangu Chuo Kikuu, nimepekua maktaba, na mpaka leo, Juni 1979, sijapata jibu la kuniridhisha. Nilichopata ni habari za mtu mmoja wa hapa Mpanda.

Jina lake ni Melkiadi. Melkiadi, mshika mnyororo. Alifariki dunia wiki tatu zilizopita, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Mimi ni Generosa, mwanafunzi wa jiografia niliye likizo, na nimepewa heshima ya kuwasimulia maisha yake. Nakiri kwamba nina furaha kuliko inavyompasa mtu anayesimulia msiba. Mtanisamehe mkishasikia.

Alizaliwa Mpimbwe, katika nyumba ya wakulima wa mpunga, ambako mtoto hujifunza njia za maji kabla ya kujifunza kusoma. Alikuja mjini akiwa kijana, akamwoa Hilaria, wakajaliwa binti mmoja, Romana.

Sasa twende kiangazi cha mwaka 1973. Mji ulikuwa unatanuka. Kila garimoshi lilishusha watu na magodoro yao, na wote walihitaji viwanja. Wapimaji wakaja na ramani, wakaajiri vibarua. Kazi ya Melkiadi ilikuwa kushika ncha ya mnyororo wa kupimia, kuuvuta hadi unyooke, kisha kupigilia kigingi pale alipoambiwa.

Ramani ilishusha viwanja hadi ukingoni mwa kijito cha Kaselenga, upande wa kuelekea Ilembo. Kwa nini isishushe? Kiangazi, Kaselenga ni ufito wa mchanga. Mbuzi huuvuka bila kulowa kwato. Na kiwanja kimojawapo, wasikilizaji, kiliahidiwa kwa Melkiadi mwenyewe. Alikuwa ameshafyatua matofali yake palepale.

Siku ya kupigilia vigingi vya ukingoni, aliweka nyundo chini. Akamwomba mpimaji, Ndugu Anselmo, aitazame miti. Katika panda za matawi kulikuwa na nyasi kavu zilizonasa. Anselmo alisema ni viota tu.

"Ndugu mpimaji," Melkiadi akamwambia, "ni ndege gani huyo anayejenga viota vyote usawa mmoja?"

Anselmo alicheka. Halafu akaacha kucheka. Alisimamisha darubini yake ya kupimia, akaelekeza mti baada ya mti. Usawa mmoja. Narudia: usawa mmoja. Nyasi zile zilikuwa zimeletwa na mafuriko ya miaka iliyopita, na zilionyesha maji yalifika wapi.

Anselmo akawaandikia barua wakubwa wake. Baada ya miezi minne ramani ilirudi imebadilishwa: minyororo mitatu kila upande wa kijito, yaani karibu mita sitini, pasijengwe nyumba, pasichimbwe choo, pasikatwe mti. Kibarua mmoja, wapendwa, alikuwa ameibadilisha ramani ya mji.

Na kiwanja chake? Kilikuwa ndani ya minyororo hiyo mitatu. Hilaria anakumbuka alivyomwambia: "Baba Romana, umeajiriwa kupimia watu, ukajipima mwenyewe ukajitoa." Kisha wakayahamisha matofali kwa vichwa vyao, siku kumi na moja.

Masika yaliyofuata yalikuwa haba. Yaliyofuata hayo, haba vilevile. Watu wakaanza kudai eneo lile ligawiwe. Bartolomeo mwenye duka alikuwa akimuuliza mbele ya wateja, "Kaka, mto wako umekosa garimoshi?"  Kila Jumapili baada ya Misa Melkiadi aliufuata mstari mpya wa vigingi, na alipokuta kigingi kimeng'olewa, alikirudishia.

Machi 1977 mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Kaselenga ikalijaza karibu eneo lote, ikapanda, ikapanda tena, ikasimama hatua saba kabla ya kuvifikia vigingi. Hakuna nyumba iliyoingia maji. Hakuna choo kilichofurikia visima vya kina mama. Bartolomeo alikwenda na mwavuli wake, akatazama kwa muda mrefu, akarudi dukani. Tangu siku ile aliacha kumwita kaka. Alimwita mzee.

Kwako Mama Hilaria, kwako dada Romana, na kwenu ndugu wa Mpimbwe: tunawapa pole, na tunaubeba msiba huu pamoja nanyi. Nanyi mnaotusikiliza Inyonga, Kasokola na popote mji unapoanza, nawasihi mtafakari: kabla hamjapokea kiwanja kizuri cha bei nafuu, ulizeni maji hupita wapi mwezi Machi.

Limebaki jambo moja. Siku ya mazishi kaka wa marehemu, Mzee Silvester, alisema Melkiadi azikwe palepale kando ya Kaselenga, katika ardhi aliyoipigania, iwe heshima yake. Watu wote wakakubali. Mimi pia, wasikilizaji, nilikubali, na machozi yalinilengalenga kwa jinsi wazo lile lilivyokuwa zuri. Vijana walikwisha kubeba majembe.

Hilaria akainuka kwenye mkeka, kanga kichwani, akawasimamisha.

"Nyie shemeji zangu, nawashukuru. Lakini tukimzika pale, mwakani mtalijengea kaburi. Mwaka wa pili atatokea mtu wa kulitunza, naye atataka kibanda. Kibanda kitataka choo. Melkiadi tunamzika huku juu, nje ya vigingi, pamoja na watu wengine. Kule chini hatujengi, na hatuzikani."