Afande Mariat na Wimbo Uliochomwa

Leo, tarehe 30 Juni 1998, Sajini Mariat Naigaga anastaafu baada ya kutumikia magereza miaka thelathini na mmoja, kwanza Mbale, kisha hapa Jinja. Wasifu huu umeandikwa na karani Wanyama, aliyechaguliwa kwa mwandiko wake mzuri. Akili haikuzingatiwa, kama mtakavyoona.

Akiwa Mbale, Afande Mariat alianza kukusanya ngano za kuwasimulia watoto wa kambi, ambao kila mmoja ana lugha ya kwao na wote hukutana kwenye Kiswahili. Mara ya kwanza alipanda mlima Wanale akiwa na sare na buti, akapiga hodi kwa Kiswahili. Kijiji kizima kikajifungia ndani, maana watu walikuwa hawajasahau askari waliowatesa miaka ile ya utawala wa kijeshi. Mara ya pili alivaa gomesi, vazi refu la akina mama wa huku, akarudi na ngano nne na kuku.

Msimulizi aliyempenda zaidi ni Mzee Romano Gidudu, fundi wa baiskeli pale Malukhu, mjini Mbale. Ngano yake ya chura aliyekwenda kuomba mvua ilikuwa na wimbo ambao yeye peke yake aliujua. Mariat aliusikia mara moja tu, akaandika maneno yake daftarini.

Mwaka 1995 karani alipewa daftari hilo apige ngano chapa. Akaona nyimbo zinarudia maneno yale yale, akazikata zote ili kuokoa karatasi. Kisha, kwa kupenda usafi, akatumia lile daftari kuwashia sigiri, jiko lake la makaa.

Jumamosi iliyofuata Mariat aliwasomea watoto. Chura alipofungua kinywa, wote, waliozoea ngano zenye nyimbo, wakainua mikono tayari kupiga makofi. Mariat akageuza ukurasa; wimbo haukuwapo. Betty, binti wa miaka saba, akauliza: "Afande, wimbo iko wapi?" Mariat hakumfokea karani, na hilo lilimuuma karani zaidi ya kufokewa.

Kwa kuwa yeye mwenyewe hakuukumbuka wimbo, Mariat alisafiri hadi Mbale kuuomba upya. Mzee Romano alikuwa mgonjwa, amerudi kwake Wanale, naye akamrudisha na ujumbe: "Ile mtu alichoma wimbo, yeye ndiye akuje kuchukua."

Karani akapanda, yeye na kitambi chake, akipitwa na akina mama wenye mizigo ya kabichi kichwani. Aliimbishwa siku tatu mpaka kuku wakahama ua. Siku ya nne mzee akaitikia kwa kichwa. Miezi miwili baadaye alifariki.

Tangu hapo, kila Jumamosi Mariat husimulia na karani huwa chura. Kwa miaka mitatu karani amekuwa akihofu kwamba wimbo wa Mzee Romano umebaki katika koo lake moja bovu.

Afande Mariat, asante kwa ngano sitini na mbili, na kwa kutonifokea. Nenda kapumzike nyumbani kwako Bugembe kwa afya na furaha. Watoto watakuimbia chura sasa hivi, wote, bila karatasi. Betty amekuja ofisini asubuhi kuniomba, kwa heshima zote, leo mimi nipige makofi tu.