Mama Ngoja Apumzika, Mfumo Wabaki Kazini

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara ya mikopo ya nyumba ya benki yetu, Mama Ngoja alistaafu rasmi Ijumaa, tarehe thelathini ya mwezi uliopita. Uongozi umeomba jarida hili liandike maneno ya kumuaga yaliyo mafupi, ya furaha, na yasiyogusia Mfumo. Hayo mawili ya mwanzo tutajitahidi.

Aliingia kama karani wa mapokezi, akapandishwa hadi Dawati la Unafuu, yaani pale wanapokuja wateja walioyumba: aliyeachishwa kazi, aliyevunjika mguu, aliyefiwa na mume aliyekuwa akilipa mkopo. Jina la Mama Ngoja alipewa na afisa minada, ambaye ofisi yake ilikuwa ng'ambo ya ukumbi. Kila nyumba ya mteja mwenye matumaini ilipofika mezani kwake ili iuzwe, mama huyu alivuka ukumbi, akaingia bila hodi, akachota karanga kwenye bakuli la mwenzake na kumwambia, "Ngoja kwanza, kaka." Kaka alilalamika, akangoja, akanunua karanga nyingine.

Hakumwamini mteja mpaka afike nyumbani kwake. Alikaa sebuleni, akaomba maji ya kunywa, kisha akaanza kuuliza maswali yasiyomhusu. Fundi mmoja wa umeme aliyesema hana kitu alionyeshwa televisheni iliyojaza ukuta mzima na kuulizwa, "Na hii, mwanangu, inachangia shilingi ngapi?" Iliuzwa wiki ile ile. Mwingine alishauriwa aigeuze sebule kuwa chumba cha kinyozi. Mkopo aliumaliza zamani, na mpaka leo ukitaka kumtembelea lazima kwanza upite kwenye foleni ya watu wenye sabuni kidevuni.

Si kwamba hakukosea. Kuna bwana aliyemlilia mpaka akapata unafuu wa mwaka mzima, kumbe ana nyumba nyingine mbili mtaa wa pili. Mama Ngoja alipojua, alimfuata kwake kila asubuhi kabla ya kuja kazini, akasimama getini akimsalimia kwa sauti ya kusikika na majirani wote. Bwana alilipa. Anasema alifanya hivyo kwa hiari yake.

Mwaka jana tukaletewa Mfumo. Unafuu sasa hutolewa papo hapo, na kompyuta, bila kumsumbua mtu kwa kumtazama usoni. Mkurugenzi alikata utepe mbele ya skrini, kwa kuwa Mfumo hauna mlango, tukapiga makofi na kula keki. Mwezi huo huo ukaletwa Mfumo wa pili, wa minada, kutoka kwa muuzaji mwingine. Afisa minada alihamishwa, bakuli likabaki dirishani. Mifumo hii miwili inakaa chumba kimoja, inapulizwa na kiyoyozi kimoja, na tangu ifike haijawahi kusalimiana.

Hapo ndipo anapoingia fundi cherehani, mama anayeshona sare za shule, anayeishi na mama mkwe wake na wajukuu wawili. Mvua ilimwagika ndani ya karakana yake, vitambaa vikaoza, akaomba unafuu. Mfumo wa kwanza ulimjibu kabla hajaweka simu chini: hongera, ombi lako limekubaliwa, usilipe chochote kwa miezi mitatu. Naye, kwa kuwa ni mtu mtii, hakulipa. Mfumo wa pili ukatazama, ukaona mtu asiyelipa, ukaitangaza nyumba yake mnadani. Huo ndio ufanisi tulioahidiwa: kazi iliyomchukua Mama Ngoja wiki nzima ya kuzunguka, sasa inaharibika kwa dakika.

Mama Ngoja alivuka ukumbi kama kawaida yake, akakuta kiti kitupu. Akaenda kwa mkuu wa teknolojia. Huko aliambiwa kwamba hakuna anayeruhusiwa kuugusa Mfumo ila aliyeuuza, na kwamba malalamiko hupelekwa kwa Mfumo wenyewe. Akayapeleka. Mfumo ulimshukuru sana kwa maoni yake.

Mnada uliangukia Ijumaa ile ile ya kustaafu kwake. Asubuhi, wakati sisi tunapuliza maputo ukumbini, yeye alikuwa ameshafika nyumbani kwa fundi, amevaa gauni lake jipya la sherehe na kitambulisho kifuani. Wanunuzi walikuwa wakigongagonga kuta. Mmoja alikuwa anapima jiko kwa futi huku mama mkwe akipika ndani yake, na mpimaji akimwomba mama kwa adabu asogee kidogo. Mama Ngoja alimpokonya dalali kipaza sauti, akausomea mtaa mzima ile hongera ya benki.

Dalali alikuwa mtu muungwana. Alisema hawezi kuahirisha wala kuuza mpaka benki ithibitishe, akapiga simu. Simu zetu nazo siku hizi hupokelewa na Mfumo. Ulimkaribisha, ukamwambia simu yake ni ya muhimu mno, ukampigia muziki wa filimbi. Bonyeza moja kwa unafuu, bonyeza mbili kwa kununua nyumba. Kwa anayetaka kujua kama kuna binadamu, hakuna namba. Dalali akaiweka simu kwenye kipaza sauti ili wote washuhudie, na mtaa ukasikiliza filimbi mpaka mchana. Wanunuzi walichoka, wakaondoka mmoja mmoja. Yule wa jiko alitoka wa mwisho, akasahau futi yake. Mnada ukaahirishwa kwa kukosa wanunuzi.

Kwa hiyo tuseme ukweli, na uongozi uko huru kuutumia kwenye matangazo: siku hiyo Mfumo uliokoa nyumba. Ulihitaji tu kutofanya lolote, na kwa hilo hauna mpinzani.

Mama Ngoja alifika kwenye sherehe yake keki ikiwa imeshakatwa. Mkurugenzi alimkabidhi saa ya ukutani, akatuhakikishia kwamba pengo lake limeshazibwa kidijitali. Mama Ngoja alirudisha kitambulisho, akalia, na wengi wetu tulilia naye, kwa sababu tulijua halii kwa ajili ya saa. Mnada mpya umetangazwa tarehe kumi na tano mwezi huu. Jumatatu fundi cherehani alikuja mapokezi kumuulizia. Skrini ilimkaribisha kwa jina, ikampongeza tena kwa unafuu wake, naye akaenda zake.

Mama Ngoja, tunakushukuru kwa milango yote uliyoigonga na ile uliyoingia bila kugonga. Tunakutakia afya, usingizi wa mchana, na mume atakayevumilia kuulizwa maswali yako siku nzima. Maisha yako yawe mema, mama yetu. Tarehe kumi na tano usihangaike. Mimi niliyeandika haya nimeomba ruhusa ya siku hiyo, na ombi langu linashughulikiwa na Mfumo. Likikubaliwa, nitakwenda. Likikataliwa, nitakuwa nimeshafika.