Mama Saumu Lukmani, Aliyeifundisha Kengele Yetu Kukumbuka

Jumatano, tarehe 2 Julai 2025, Mama Saumu Lukmani atakabidhi funguo za bohari ya karakana yetu ya ufundi na kwenda kupumzika. Aliingia Septemba 1991, binti wa mfanyabiashara wa vitambaa pale sokoni Kamina, na tangu hapo ametumikia miaka thelathini na minne, chini ya maprefe saba, yaani wakuu wa shule. Katika muda wote huo koleo moja tu liliwahi kulala nje ya bohari. Lilikuwa kwangu, na hajanisamehe vizuri.

Hakuwa mwalimu. Kazi yake ilikuwa kutoa vifaa asubuhi na kuvipokea mchana. Aliyerudisha bisibisi ikiwa safi alipata tabasamu. Aliyeiacha kwenye benchi aliitwa mbele ya wenzake kwa majina yake yote, hadi la babu.

Mwaka 2022 tuliletewa vibao viwili vidogo, kila kimoja na chipu ambayo saketi yake huandikwa kwenye kompyuta. Ukikosea, unafuta na kuandika upya. Wataalamu huiita FPGA. Mwalimu pekee aliyeielewa akapata kazi Lubumbashi, akatuachia wanafunzi kumi na mmoja wa mwaka wa mwisho, ambao lazima waonyeshe kazi ya vitendo mbele ya jopo. Bila kazi hiyo, hakuna diploma. Walimu tulikaa kikao, tukakuna vichwa. Mama Saumu, aliyekuwa mlangoni akisubiri kufunga, akanyooshea kompyuta kidole, akasema: "Minyi sijue ile kitu. Lakini batoto hawawezi kukosa diploma juu ya kukosa muntu wa kujaribu. Munipe ile ordinateur." Nilicheka. Leo naandika kwamba nilikosea.

Alianza kama mtoto wa darasa la kwanza: wiki nzima kuwasha taa moja, wanafunzi wakiwa wamemzunguka. Kisha wakaamua kuunda kengele ya shule, ili tuache kugonga kile kipande cha reli. Siku ya jaribio la kwanza walibonyeza kitufe mara moja, kengele ikalia mara saba, na shule nzima ikatoka nje ikishangilia, ikidhani masomo yamekwisha. Kumbe kitufe hutetemeka kidogo kinapobonyezwa, na chipu kwa haraka zake huhesabu kila mtetemo. Mama Saumu akaifundisha kusubiri kidogo kabla ya kuamini, kama yeye anavyofanya ukimwambia vifaa vyote vimerudi.

Wanafunzi walikwama kwa sababu waliiona saketi kama barua, inayosomwa mstari kwa mstari. Sisi wenye shahada tulieleza hadi koo zikakauka. Yeye alieleza mara moja: "Iko kama ku matanga. Huyu anateka mayi, huyu anapika bukari, huyu analia. Hakuna mwenye kungoya mwenzake amalize." Feza, mmoja wa wale kumi na mmoja, aliandika maneno hayo kwenye jalada la daftari lake.

Sasa niseme la aibu. Kila umeme ulipokatika, chipu ilisahau kila kitu. Mama Saumu akadhani ndivyo ilivyoumbwa. Kwa wiki tatu, kila umeme uliporudi, alijifunga kitenge na kutembea kutoka nyumbani kuja kuiandika upya, hata Jumapili, hata akiwa na mfungo wa Ramadhani. Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza, nami ndiye niliyekitafsiri. Ukurasa mmoja niliuruka nikiuona hauna maana. Ndio ulioeleza kwamba pembeni ya chipu kuna kumbukumbu ya kudumu, na saketi ikihifadhiwa humo, umeme ukirudi chipu hujikumbusha yenyewe. Nilipokwenda kuungama akasema: "Gamaliel, ile page moya ilinitembeza kilometre ngapi?" Akacheka mpaka akakaa chini. Mama, nakuomba radhi tena, safari hii kwa maandishi.

Siku ya jopo hakuruhusiwa kuingia, maana si mwalimu. Alisimama nje ya dirisha. Umeme ulikatika katikati ya maelezo ya Feza. Uliporudi, kengele ikalia yenyewe, bila mtu kuiandika upya. Wote kumi na mmoja walifaulu. Huko nje Mama Saumu alikuwa akilia, nasi tuliomwona hatukujifanya hatukuona.

Baada ya hapo hofu yetu ikawa moja: akiondoka, nani ataitunza? Mwaka huu amekataa kugusa kibodi. Amekaa nyuma yangu na ya Tamar, mrithi wake wa bohari, akitukemea kwa upole na kutuachia makosa yetu tuyarekebishe wenyewe.

Asante, Mama, kwa batoto wako wote, tukiwemo sisi wenye mvi. Mungu akupe afya, wajukuu wenye kusikia, na miguu iliyopumzika.

Jumatano, saa sita kamili, kengele italia mara thelathini na nne. Tafadhali usikimbilie swichi. Si kitufe kinachotetemeka. Ni mlio mmoja kwa kila mwaka wako. Mimi na Tamar tumeuandika peke yetu, tumezima umeme, tumewasha, na bado inakumbuka. Wewe kaa tu kitini, uhesabu.

Gamaliel Mwepu, mwalimu wa hisabati